UZI: Nikitoka mkesha nawaka, Jumatano nimezimika. Nilichojifunza Bagamoyo kuhusu nidhamu na uaminifu kwa Mungu

#1 Mchuuzi wa Pwani (mwanzisha uzi)

Bwana Yesu asifiwe wana jukwaa. Na ndugu zangu Waislamu mnaopita humu, asalaam aleikum.

Kwa miaka nimekuwa msomaji tu hapa. Leo naandika kwa sababu ya kijana mmoja mbeba matenga pale soko la samaki Bagamoyo. Aliniuliza, "Baba, mbona nikitoka mkesha wa Ijumaa nawaka, ikifika Jumatano nimeshazimika? Au mimi sijaokoka?" Mashua ilikuwa inateremsha na mnada umeanza, nikamwambia tutaongea. Nimelibeba swali lake wiki nzima. Jibu langu ni refu, mnivumilie.

Nimezaliwa Muheza, upande wa Magila, kule ambako wamisionari Waanglikana wa UMCA walifika miaka ya 1860. Nililelewa na bibi mzaa mama. Kengele ya kanisa ikilia, bibi aliacha chochote alichokuwa anafanya. Kama anakuna nazi, nusu ya nazi ilibaki palepale kwenye mbuzi, anaingia ndani, anapiga magoti, anatoka, anaendelea kukuna. Hakulia kanisani, hakunena kwa lugha, hakuwa na ushuhuda wa kutikisa watu. Nilipobalehe nikaanza kumdharau kimoyomoyo. Niliona bibi ana dini, hana Yesu.

Mimi nikaokoka kwenye mkutano wa injili Tanga mjini nikiwa na miaka 21. Yaliyonipata usiku ule yalikuwa ya kweli, sitayakana. Nilitembea kwa miguu hadi Makorora naimba peke yangu. Miezi mitatu baadaye nilikuwa mwongo yuleyule, mzito wa kuomba yuleyule. Nikatafuta mkutano mwingine, nikawaka, nikazimika. Nimeishi hivyo karibu miaka kumi.

Nikahamia Bagamoyo kwa biashara, nikaoa binti wa Kikatoliki, nikapokelewa kwao, na mpaka leo nasali pale Misheni. Mwaka wa nne wa ndoa tulimzika mtoto wetu wa pili. Alikuwa na miezi saba.

Baada ya msiba ule sikuweza kuomba. Nilikuwa nafumba macho na hakuna kinachokuja, si maneno, si machozi. Nyimbo zote za mikutano zilikauka mdomoni. Kitu pekee kilichobaki ni kile nilichokidharau: Baba Yetu ya bibi, kwa magoti, kwa saa yake, bila kuhisi lolote.

Saa yenyewe sikuichagua mimi. Nyumba tuliyopanga ilikuwa jirani kabisa na msikiti. Usingizi ulikuwa umenikimbia, kwa hiyo kila alfajiri nilimsikia muadhini akiita kwamba sala ni bora kuliko usingizi, kisha nasikia kandambili za jirani yangu mvuvi zikipita chini ya dirisha. Mtu huyu alikuwa ametoka baharini saa nane usiku. Alfajiri moja nikajiambia: yeye ameamka, na mimi ninayesema nimenunuliwa kwa damu nimejilaza tu natazama dari. Nikashuka kitandani. Tangu siku hiyo adhana ikawa saa yangu. Sala zangu nilizisali kwa Kristo, ila aliyeniamsha ni muadhini wa mtaa wetu, na nitamshukuru mpaka kufa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo sikulitarajia. Kama wiki sita zilipita hivyo, sala kavu, hakuna moto. Lakini sokoni kukaanza kuwa kugumu. Wachuuzi wenzangu wanajua: changu wa jana akilazwa vizuri kwenye barafu, ukimpanga chini na wa leo juu, mama ntilie hatamjua mpaka afike jikoni kwake. Nilifanya hivyo kwa miaka na nilikuwa natoa sadaka Jumapili. Asubuhi moja nimeshapanga fungu, mama mmoja amenikabidhi pesa, nikashindwa kumtazama usoni. Sikusikia sauti kutoka mbinguni. Ni kwamba saa moja tu iliyopita nilikuwa nimesema "mapenzi yako yatimizwe", na midomo ni hiyohiyo. Nikampangua samaki mbele yake, nikamwambia hawa wa jana, bei yake hii, hawa wa leo, bei yake hii. Mwezi ule wa kwanza nilipata hasara ya kweli, msidhani nasimulia hadithi ya baraka za haraka.

Kilichorudi kwanza ni imani. Pesa zilikuja nyuma sana. Nilipomwomba Mungu jambo, nikaanza kuona naongea na Mtu ambaye sina cha kumficha. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini Kiswahili chetu kimeyaweka haya pamoja. Imani, uaminifu, amana, muumini, hata amina tunayofungia sala, yote ni shina moja. Wazee wa pwani hawakumwita mtu mwaminifu kwa sababu anahisi vizuri. Walimwita hivyo kwa sababu ukimwachia amana yako ukasafiri kaskazi, ukarudi kusi, unaikuta. Na Paulo anamwandikia Timotheo: ilinde hiyo amana (1 Timotheo 6:20). Miaka kumi nilikuwa nalia kwamba imani yangu haina nguvu, huku amana yenyewe nimeiacha mlangoni, mlango wazi.

Kijana wangu wa matenga, kama unasoma: umeokoka. Moto wa Ijumaa ni wa kweli. Ila hukupewa ukuendeshe mpaka Ijumaa nyingine. Jumatano ni zamu yako wewe kutokea, hata kama ndani kumenyamaza.

Karibuni mchangie, na mnirekebishe pia.

#2 Dada wa Kwaya

Amina kaka. Hapo kwenye nusu ya nazi na mbuzi nimemwona mama yangu.

Nipo Tanga, Chumbageni, naimba sauti ya kwanza. Watu wanaona Jumapili tumevaa sare, hawaoni Jumanne na Alhamisi. Mwalimu wetu hufunga mlango saa kumi na moja kamili jioni. Kuna siku naimba nimechoka hadi wimbo hauna maana kwangu. Halafu Jumapili, katikati ya beti ambayo nimeirudia mara arobaini bila kuisikia, inanishika koo. Kama nisingekuwepo Jumanne nisingekuwa na beti ya kunishika.

#3 Kijana wa Neema

Mtumishi nakuheshimu, na pole sana kwa mtoto. Ila niseme wazi, uzi huu unaturudisha kwenye sheria. Waefeso 2:8-9, tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu. Ukianza kuhesabu alfajiri ngapi umeamka na samaki wangapi umewatenga, kesho utamhukumu aliyelala. Mafarisayo nao walikuwa na nidhamu, walifunga mara mbili kwa wiki. Nidhamu haiokoi mtu!

#4 Mchuuzi wa Pwani

Kijana wa Neema, asante, na hoja yako naikubali kwa mikono miwili. Nidhamu haiokoi. Ningekuwa nimeokolewa na kuamka mapema, basi miaka kumi ile ningekuwa nimeshapotea. Nilishikwa na neema kabla sijashika chochote.

Lakini njoo siku moja ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Utaona vyombo vimelala ubavu mchangani, na wenye vyombo hawajakaa kulilia bahari. Wapo chini ya ubao, wanapiga kalafati, wanaziba kila mwanya kwa pamba, wanapaka mafuta. Kazi hiyo haileti maji. Hakuna mvuvi aliyewahi kuleta maji. Yanakuja yenyewe kwa saa yake, yanakiinua chombo ambacho watu ishirini wasingekiinua. Hiyo ndiyo neema, ndugu yangu, mimi naiona kila siku. Lakini chombo kisichopigwa kalafati, maji yaleyale yanayowainua wenzake ndiyo yanayokizamisha. Nimewaona watu waliopakiwa baraka kubwa huku mbao zao zina nyufa. Na wewe umewaona.

Kuhusu kujisifu, umenigusa pabaya, maana ni kweli. Mwaka wa pili nilianza kuwahesabu majirani Wakristo ambao taa zao hazijawaka alfajiri. Niliungama hilo. Yesu anasema ufungapo jipake mafuta kichwani, unawe uso (Mathayo 6:17), na sasa naelewa kwamba kuficha nako ni nidhamu, pengine ngumu kuliko kufunga kwenyewe.

Jambo moja tu nakuomba ulitazame. Tunda la Roho kwenye Wagalatia 5 limetajwa kwa maneno tisa. La saba ni uaminifu na la tisa ni kiasi. Kiasi ndiyo hii nidhamu tunayobishania. Tunalikimbiza kwa sababu lipo mwishoni na pumzi imeisha. Kama ni tunda la Roho, basi si mali ya Mafarisayo.

#5 Mwalimu Mstaafu

Nimefundisha historia zaidi ya miaka thelathini, naomba niongeze kutoka hapohapo Bagamoyo, kwa sababu historia ya Misheni ile inawapa haki nyote wawili.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha Misheni mwaka 1868, na wakajenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto. Maisha yalikwenda kwa kengele: sala, darasa, shamba, karakana, sala. Wapo waliolelewa hivyo wakawa Wakristo imara, na baadaye familia kutoka Bagamoyo zilitangulizana na mapadre kwenda kuanzisha misheni za bara. Lakini wapo pia waliotoroka. Mtu aliyetoka kwenye mnyororo akawekewa ratiba ambayo hakuichagua, si ajabu akaona ni mnyororo mwingine. Hilo tusilifiche tunapohubiri nidhamu. Ikilazimishwa na mwenye nguvu, mtu huitii mpaka apate upenyo.

Sasa linganisheni na hili. David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, Chuma na Susi wakiwa mbele, wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kuelekea pwani. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Baadhi yao walikufa njiani. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walimkuta Mwingereza aitwaye Cameron, naye akawashauri wamzike palepale yaishe. Wakakataa. Mwezi Februari 1874 mwili ukalazwa katika kanisa la Misheni Bagamoyo, kisha ukavushwa Unguja, na 18 Aprili ukazikwa London.

Kinachonishika mimi ni pale Unyanyembe. Ruhusa walikuwa wameshapewa, tena na mzungu mwenye cheo. Hakuna ambaye angewalaumu. Na huyo Susi wakati ule hakuwa hata amebatizwa, alibatizwa mwaka 1886. Huo ulikuwa uaminifu kwa mwanadamu aliyekwisha kufa. Nikisoma habari ile najiuliza mimi ninayemtumikia Bwana aliye hai ningeweka mzigo chini kituo gani.

#6 Mama Wawili

Shikamooni wakubwa. Nasoma na nimenyamaza kwa sababu neno "uaminifu kwa Mungu" kwangu ni donda.

Kuna huduma nilikuwa nasali, sitaitaja. Tulifundishwa kuwa mwaminifu kwa Mungu ni kuwa mwaminifu kwa mtumishi wake. Nikatoa mtaji wa vitenge, nikatoa ada ya mtoto muhula mmoja, nikamficha mume wangu. Nikifunga siku tatu naambiwa ongeza, imani yako ndogo. Nilianguka chooni kwa njaa nikiwa nanyonyesha. Nilipouliza, nikaambiwa nina roho ya uasi. Sasa nikisikia nidhamu, mwili unatetemeka. Mnisaidie, sitaki kumwacha Yesu.

#7 Mchuuzi wa Pwani

Dada yangu, pole. Nimesoma ujumbe wako mara tatu, mke wangu naye amesoma, na leo alfajiri tumekutaja.

Ulichofanyiwa si uaminifu kwa Mungu, na sisemi hivyo kukufariji. Fungua Marko 7, kuanzia mstari wa 9. Walikuwepo watu wanaomwambia mama yao, kitu ambacho ningekusaidia nacho ni Korbani, yaani kimewekwa wakfu kwa Mungu. Yesu alikasirika. Alisema wanalitangua neno la Mungu. Ada ya mtoto ilikuwa ya mtoto. Mungu hapokei kitu ulichomnyang'anya mtu ambaye Yeye mwenyewe amekukabidhi umlee.

Nimejifunza kuupima uaminifu kwa njia moja. Ule wa kweli unanirudisha kwa watu wangu. Nilipoanza kushika alfajiri nililipa deni la mwenye barafu, nilianza kurudi nyumbani kabla watoto hawajalala, na mke wangu alijua kila senti. Ule uliofundishwa wewe ulikutenga na mumeo, ukakufundisha kuficha. Mti mmoja hauzai matunda mawili hayo.

Na kufunga: mama anayenyonyesha hafungi chakula. Kanisa letu kwenye Kwaresima halimdai mgonjwa wala mwenye mimba wala anayenyonyesha. Wewe kama mwili bado unatetemeka, usifunge hata kidogo mwaka huu. Nidhamu yako iwe kulala usingizi wa kutosha na kumwambia mumeo yote, kama hujamwambia. Ukiweza, kabla ya kulala sema Baba Yetu, mara moja, polepole. Ukifika "utupe leo riziki yetu" ukashindwa kuendelea, ishia hapo. Anajua.

#8 Jirani wa Kaole

Waaleikum salaam. Mimi ni Mwislamu, nimeingia kwa sababu ya muadhini, nikasoma yote.

Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima ziliingia pamoja, Jumatano yenu ya Majivu ilikuwa 5 Machi na sisi tulikuwa tumeanza siku chache kabla. Jirani yangu Mkristo alifunga kimyakimya, hatukujua mpaka jioni moja mke wangu alipopeleka uji wa pilipili manga kwao akawakuta nao wanangoja jua lizame. Tukafuturu mkekani pamoja mpaka mwisho. Hatukubishana dini hata siku moja. Mtu anayeshika njaa yake kwa ajili ya Mungu hana haja ya kuelezwa sana, unamjua.

Poleni na mtoto. Mungu awafariji.

#9 Boda wa Mbegani

Mzee, maneno mazito, ila tusaidie sisi wa barabarani. Mimi nalala saa saba usiku, abiria wa mwisho ndio wenye pesa. Kuamka saa kumi na moja siwezi, nitaua mtu. Pia nikishika simu niisome Biblia najikuta kwenye video saa nzima. Mtu kama mimi anaanzia wapi, na inachukua muda gani mpaka inakuwa rahisi?

#10 Mchuuzi wa Pwani

Kijana, usiamke saa kumi na moja. Lala. Danieli aliomba mara tatu kwa siku madirisha yamefunguliwa (Danieli 6:10), hakuna aliyeandika kwamba ilikuwa lazima alfajiri. Chagua saa ambayo tayari ipo kwenye maisha yako. Wewe kila siku unapasha injini asubuhi kabla ya abiria wa kwanza. Hapo hapo, mkono kwenye usukani, Baba Yetu na Zaburi moja uliyoikariri. Anza na ya 23. Simu ibaki mfukoni, zaburi iwe kichwani, kama tulivyokaririshwa zamani.

Halafu tafuta mizani yako. Mimi ilikuwa samaki wa jana. Wewe unaijua ya kwako: labda nauli unayompandishia mgeni asiyejua njia, labda chenji. Chukua moja tu. Sala bila hiyo mizani itakuwa maneno, na mizani bila sala utachoka upesi.

Muda gani? Sitakudanganya. Pale Misheni kuna mbuyu ambao zamani mmisionari mmoja mama aliufunga mnyororo, wa kufungia punda wake. Mti ukaendelea kunenepa. Leo mnyororo karibu wote umo ndani ya mti, kinaonekana kipande kifupi tu. Mnyororo ni neno zito katika mji uliopitisha watumwa, na baada ya alichoandika Mwalimu nimesita kuutumia mfano huu. Lakini mbuyu ule naupita kila Jumapili, na ndivyo ilivyokuwa kwangu. Mwanzoni saa ile ilinikaza kwa nje. Sikumbuki siku ilipoingia ndani. Mwaka huu ni wa kumi na nne na bado kuna alfajiri naenda nikiburuta miguu.

#11 Kijana wa Neema

Mwalimu, Mama Wawili, Mchuuzi, nimesoma tena toka juu. Mchuuzi, hapo kwenye kalafati sina la kubisha. Mama Wawili, nisamehe, nilikuwa nabishana na wewe upo hapa unaumia. Nakuombea kwa jina.

#12 Mama Wawili

Asanteni wote. Nimemwambia mume wangu jana usiku. Amenyamaza muda mrefu, halafu akaenda kuniletea maji ya kunywa. Nimesema Baba Yetu hadi "riziki".

#13 Mbeba Tenga

Shikamoo baba. Ni mimi, naandika kwa simu ya shemeji. Leo siku ya sita. Siku ya nne nilipitiwa na usingizi, nikasali njiani nikiwa na tenga kichwani, sijui kama inahesabika. Sijahisi kitu bado.

#14 Mchuuzi wa Pwani

Marahaba mwanangu. Inahesabika. Kesho giza linaanza, dagaa watashuka mapema na vyombo vitakuwa vingi. Njoo saa kumi na mbili kasoro, upande wa forodhani, uje na matenga mawili.